Miaka Saba ya Kuosha Vioo

Ufunguo ulikataa kuingia. Mama Vioo aliutoa, akaupuliza, akaupangusa kwenye kanga, akaujaribu tena. Ukakataa. Akainama aangalie vizuri, ndipo alipoona kwamba kufuli lenyewe silo. Lile lake lilikuwa limechakaa, lina kovu ubavuni pale alipoligonga jiwe siku moja lilipong'ang'ania kwa kutu. Hili lilikuwa jipya, jeusi, linameremeta kama kiatu cha bwana harusi.

Aliweka ndoo chini. Jua lilikuwa limeshachomoza. Ndani ya uzio vioo kumi na sita vya umeme wa jua vilikuwa juu ya vyuma vyake, vyote vimeegemea upande mmoja kama watu waliosinzia kwenye benchi, na kwenye kisanduku cha umeme taa ndogo ya kijani ilishawaka. Maana yake pampu huko chini, mita themanini ndani ya ardhi, ilikuwa imeanza kazi, na yeye bado yuko nje.

Jambo kama hilo halikuwahi kutokea kwa miaka saba. Hata asubuhi aliyomzika mama yake alipita hapa kwanza, akaosha, ndipo akaenda kulia.

"Shoga!" Sauti ilitoka kwenye njia ya mashambani. Ni jirani yake, mwanamke anayelima pilipili, ambaye watu humwita Mama Pilipili kwa ajili ya shamba na kwa ajili ya ulimi pia. "Shoga, unafanya nini hapo?"

"Kufuli limebadilishwa. Nani kabadilisha kufuli bila kuniambia?"

Mama Pilipili alisimama ghafla, jembe begani. "Hujaambiwa?"

"Niambiwe nini?"

"Mungu wangu. Hujaambiwa." Alilishusha jembe taratibu kama anayeshusha mtoto aliyelala. "Kamati ilikaa jana jioni kwa shemeji yako. Wanasema unauza maji."

"Nani anauza?"

"Wewe. Wanasema unawafungulia wafyatua matofali wa barabarani asubuhi, watu wakiwa bado majumbani. Ndiyo maana tangi halijai."

Mama Vioo alicheka. Hakujua kicheko kimetoka wapi. Kilitoka tu, kikavu, kikakatika katikati. Aliangalia mikono yake, kwa sababu hakujua aangalie nini kingine.

"Keshokutwa saa nne kuna mkutano, hapa hapa," jirani akaendelea, sauti imeshuka. "Wakikukuta na hatia, koki yenu inakatwa."

Sheria ya kisima aliijua kama alivyojua njia ya nyumbani. Mashamba ishirini na matatu yalikunywa kwenye kisima kile. Jua linagonga vioo, vioo vinaipa pampu nguvu, pampu inapandisha maji kwenye tangi lililo juu ya miguu ya chuma, na kutoka kwenye tangi mabomba yanashuka shamba kwa shamba, kila moja kwa zamu yake. Atakayeuza maji nje ya mashamba hayo, bomba lake linakatwa na mdomo wa bomba unazibwa kwa saruji. Aliwahi kuona likizibwa moja. Mwenye shamba alisimama pembeni akitazama saruji ikikauka, na msimu ule mabiringanya yake yalibaki madogo kama gololi za watoto.

Na vitunguu vyake Mama Vioo vilikuwa na wiki tatu tu vivunwe. Vimevimba kama ngumi ya mtoto, vinahitaji maji sasa kuliko wakati wowote. Ukivinyima maji sasa, vinadumaa hapo hapo, hata ukija kuvimwagia mto mzima.

*

Kuosha vioo hakukuwa kazi ya mtu mwingine kujivunia, lakini yeye alijivunia. Kwao walisoma wavulana. Yeye alibaki na wadogo zake mgongoni, mmoja akishuka mwingine akipanda, mpaka alipoolewa. Herufi kwake zilikuwa wadudu waliopangwa mstari. Kwa hiyo siku shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye ndiye katibu wa kisima, alipomwambia kamati inatafuta mtu wa kutunza mitambo, hakuamini. Mitambo! Yeye!

Siku ile ya kwanza shemeji alimpeleka mwenyewe. Alimwonyesha uzio, vioo, koki ndogo ya pembeni, na kisanduku cha umeme. Kwenye mlango wa kisanduku kulikuwa na maneno ya rangi nyekundu, mistari mitatu.

"Na hapa pameandikwa nini, shemeji?"

Shemeji aliyatazama maneno, akamtazama yeye, akayatazama tena. "Pameandikwa: safisha kila siku kabla ya saa tatu. Asiyehusika asiguse."

Asiyehusika asiguse. Neno hilo lilimwingia kama asali. Maana kama wapo wasiohusika, basi yupo anayehusika, na anayehusika ni yeye. Tangu siku hiyo aliosha vioo vyote kumi na sita kwa maji ya ile koki ndogo, na akimaliza alichukua kitambaa kingine, safi, akayapangusa yale maneno mekundu mpaka yakang'aa. Watoto wa shule wakipita na kushika uzio aliwapigia kelele: "Hamjui kusoma nyie? Imeandikwa hapo, asiyehusika asiguse!" Nao walicheka mpaka mikoba ikawadondoka. Aliwaona watoto wasio na adabu, basi.

Miaka mitatu ya kwanza tangi lilijaa saa saba mchana, likafurika. Mwaka wa nne likajaa saa tisa. Mwaka huu saa kumi na moja linafika nusu, na wenye zamu za mwisho wanapata mchirizi. Vioo navyo vilikuwa vimeota weupe fulani, ukungu usiotoka. Mama Vioo aliona vimezeeka, vimeingia mtoto wa jicho kama wazee. Akavihurumia. Akaongeza bidii, akawa anaosha asubuhi na jioni.

Na leo anaitwa mwizi.

*

Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, ndoo bado mkononi. Katibu alikuwa barazani anakunywa chai, redio inaongea peke yake. Nyuma yake, kwenye kona ya nyumba, lilisimama tangi lake jeusi la maji ya mvua, na mifereji ya bati iliyozunguka paa lote. Nyumba nyingine yenye tangi kama lile haikuwepo.

"Karibu, shemeji. Kaa."

"Sikai. Nani kasema nauza maji?"

"Aah, shemeji." Katibu alipunguza sauti ya redio. "Mimi ni kalamu tu, naandika wanayosema watu. Wamelalamika. Maji yanakwenda wapi? Pampu nzima, vioo vipo, jua lipo. Sasa aliyebaki ni nani? Mwenye ufunguo."

"Nimekaa na ufunguo miaka saba."

"Ndiyo hiyo miaka saba inayokuponza." Alichota maji ya tangi kwa kikombe, akampa. "Kunywa kwanza upoe. Nikushauri kama ndugu? Kubali. Sema ulipitiwa, siku mbili tatu uliwaonea huruma wale vijana wa matofali. Ukikubali mwenyewe, nitakuombea wafunge koki mwezi mmoja tu, wasikate."

"Nikubali kitu ambacho sikufanya?"

"Mwezi mmoja, shemeji. Utapita kama jana."

Alikunywa maji yale kwa sababu koo lilikuwa limekauka. Yalikuwa matamu, laini, hayana ladha ya chumvi ya kisimani. Alirudisha kikombe, akaondoka bila kuaga, na njia nzima neno lile lilimzunguka kichwani. Kubali. Alisema kubali kana kwamba anampunguzia mzigo.

Nyumbani mumewe alikuwa anafunga mpini wa jembe kwa mpira. Alimweleza yote, maneno yakigongana mdomoni. Mumewe hakuinua kichwa.

"Baba watoto, umenisikia?"

"Nimesikia."

"Kaka yako anataka nikubali wizi!"

"Basi usibishane na kaka. Lipite tu."

"Lipite liende wapi? Vitunguu vitakuwa vimekufa!"

Alikaza fundo, akalivuta, akalijaribu kama limeshika. "Kaka anajua anachofanya," alisema.

Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na sita. Alidhani akiitwa mwizi, mume wake atakuwa wa kwanza kupandisha mikono ya shati. Alimwangalia akifunga jembe lake, na kwa mara ya kwanza hakujua amuulize nini.

*

Siku ya mkutano watu walijaa mpaka kivuli cha tangi kikawa hakitoshi. Wafyatua matofali walikuwa wameitwa kutoa ushahidi. Alikuja mmoja, bonge la mtu, miguu imepauka udongo. Mwenyekiti, mzee mpole ambaye kila sentensi huianza na "pole," alikaa kwenye kiti cha plastiki. Katibu alikaa kulia kwake na daftari la koki mapajani, lile lenye namba ya kila koki na jina la mwenye shamba.

"Poleni na jua," mwenyekiti alianza. "Kabla hatujamsikia yeyote, nimemwita fundi aliyetufungia vioo hivi. Niliona tusimhukumu mtu kabla ya kupima pampu."

Katibu aligeuka haraka kama aliyeumwa na siafu. "Umemwita fundi? Bila kamati?"

"Pole, katibu. Nilipiga simu tu."

Na kweli pikipiki ilishafika. Fundi alikuwa mtu mfupi, ana mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Hakusalimia sana. Alifunguliwa lile kufuli jeusi, akaingia, akasogea kwenye kioo cha kwanza, akapitisha kidole juu yake. Kisha akafanya jambo lililowaacha watu mdomo wazi: alikilamba kile kidole.

"Chumvi," alisema. "Nani anaosha hivi vioo?"

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Mimi," alisema Mama Vioo, akasogea mbele. Kama ni kazi yake inayoulizwa, hilo halikumtisha.

"Unaosha kwa maji gani, mama?"

"Maji ya hapa hapa, ya koki ile. Kila siku ya Mungu. Siku hizi mara mbili."

Fundi alimwangalia kwa namna ambayo hakuielewa, kama daktari anavyomwangalia mgonjwa ambaye bado hajaambiwa. "Na haya maandishi?" Alionyesha mlango wa kisanduku.

"Nayafuata neno kwa neno."

"Yanasemaje?"

Mama Vioo alisimama wima. Aliona hapa ndipo jina lake linaposafishika, mbele ya watu wote. Akayasema kwa sauti, bila kukosea: "Safisha kila siku kabla ya saa tatu. Asiyehusika asiguse."

Kisha kijana mmoja nyuma akaguna kicheko, akazibwa mdomo na mwenziwe. Mama Vioo aliangalia nyuso. Zilikuwa zimebadilika, na hakuna hata moja iliyotaka kukutana na macho yake.

"Mama," fundi alisema polepole, "mimi ndiye niliyeandika maneno haya kwa mkono wangu. Nakusomea." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Osha kwa maji ya mvua tu." Akashuka. "Maji ya kisima yana chumvi, yanaharibu vioo." Akashuka tena. "Tumia tangi la mvua la mradi."

Aliyasikia maneno yakiingia sikioni lakini yalikataa kufika mahali pake. Osha kwa maji ya mvua tu. Aliyatazama yale maandishi mekundu, masafi, yanayong'aa. Alikuwa ameyang'arisha mwenyewe. Kila asubuhi alikuwa akipangusa, kwa kitambaa cha peke yake, maneno yanayomwambia acha. Na wale watoto! Hamjui kusoma nyie? Aliwauliza watoto wa shule swali hilo kwa miaka saba, nao wakicheka, na sasa alijua walikuwa wanacheka nini.

Fundi alikuwa ametoa chupa ya siki na kitambaa laini. Alisugua kioo kimoja, taratibu, kwa mviringo, mpaka ule ukungu ukaanza kuachia na chini yake pakatokea weusi wa buluu ambao watu walikuwa wameusahau. Akapima kwa kimita chake, akapima na kioo cha pembeni yake.

"Hiki kilichotakata kinatoa karibu mara mbili ya mwenzake," alisema. "Hakuna aliyeiba maji hapa. Ni ganda, kama lile linaloganda ndani ya birika. Jua haliingii, pampu inapandisha maji kidogo, ni hivyo tu. Viwili hivi vya mwisho naona ganda limeshakula kioo, sidhani kama vitapona. Vingine vitapona."

"Kwa hiyo nimeviua mimi," alisema Mama Vioo. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Fundi alikunja kitambaa. Hakuwa mtu wa kupamba maneno. "Ungekuwa mvivu, mama, vioo hivi vingekuwa na hali nzuri zaidi. Mvua ingeviosha yenyewe."

Aligeuza ndoo aliyokuja nayo kwa mazoea, akaikalia. Ungekuwa mvivu. Asubuhi zote zile za baridi, vidole vimekufa ganzi. Mgongo ule unaomsumbua. Kumbe angelala tu.

"Sasa mimi nina swali," alisema fundi, anageuka geuka. "Tangi la mvua liko wapi? Nilileta moja jeusi, na mifereji ya bati ya kufunga kwenye paa la karibu. Na siku ya kukabidhi nilieleza yote haya kwa mdomo wangu, kwa watu watatu wa kamati. Mwenyekiti wa wakati ule namkumbuka, marehemu sasa. Mhazini naambiwa alihama. Na katibu."

Kila mtu alilijua tangi jeusi. Watu walikuwa wamelisifia, wakamwita mwenye nalo mtu wa maendeleo.

Katibu alikohoa. "Lile liliwekwa kwangu kwa usalama."

"Usalama wa nani?" Mama Pilipili aliruka. "Wa chai yako?"

Kicheko kililipuka, kikapita kama upepo. Katibu aliinua mkono. "Sikilizeni, msinipake matope. Ilikuwa litumike, mambo yakaingiliana. Shemeji aliponiuliza maandishi, nikaona nikimtajia maji ya mvua atakuwa anakuja kwangu na ndoo kila asubuhi, vurugu tupu. Nikamwambia aoshe kwa haya. Maji ni maji, nani angejua?"

"Wewe!" jirani akapaza sauti. "Wewe ulijua! Umesomewa, umeandikiwa, na bado ukamwita mwenzio mwizi!"

Mama Vioo alikuwa anamwangalia shemeji yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kikombe kile cha maji matamu. Alimchotea humo humo, kwenye maji yaliyopaswa kuwa kwenye ndoo yake, huku akimwambia kubali. Alitaka akubali ili fundi asiitwe. Ilikuwa rahisi hivyo. Bomba lake lijazwe saruji, vitunguu vife, ili mtu aendelee kuoga maji laini.

"Na kwani nilificha?" Katibu sasa alikuwa amepandisha sauti, jasho linamtoka. "Tangi kubwa vile linafichwa wapi? Hata ndugu yangu huyo alinisaidia kulipandisha. Mbona hamumuulizi yeye?"

Mumewe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa watu, mikono nyuma. Watu walimpisha bila kuambiwa, mpaka akabaki peke yake kama mti uliokatiwa wenzake.

Mama Vioo hakuinuka kwenye ndoo. "Baba watoto."

"Ee."

"Ulijua ni tangi la kisima?"

"La tangi nilijua."

"Na maandishi?"

Akachora udongo kwa ncha ya kiatu.

"Nakuuliza, baba watoto. Wewe ulikwenda shule. Ulikuwa unaniletea uji pale kwenye uzio. Uliyasoma?"

"Nilipita siku moja nikayaona," alisema akitazama viatu vyake. "Nikasema nisizue ugomvi na kaka. Niliona ni jambo dogo."

"Siku gani hiyo?"

"Sikumbuki."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa kwanza."

La shemeji lilikuwa limemchoma Mama Vioo. Hili halikuuma hata. Lilikuwa kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Mwaka wa kwanza. Alikuwa anarudi nyumbani jioni anamsimulia, leo nimevitakatisha, baba watoto, ungeviona. Naye akijibu, vizuri. Na juzi, alipomlilia, alikuwa anafunga jembe, na ukweli wote upo tumboni mwake, umekaa tu.

Mfyatua matofali alisogea mbele. "Samahani," alisema, "sisi huwa tunachota bwawani. Huyu mama hata simfahamu. Naweza kwenda?"

"Ngoja kidogo," alisema Mama Vioo. Hakujua bado kwa nini alimwambia angoje.

Mwenyekiti alisimama. "Pole, mama. Pole sana. Hapa tumekukosea. Tangi litahamishwa leo. Katibu ataweka kalamu chini, tutamjadili. Koki yenu haiguswi. Na ufunguo huu hapa, kazi yako ipo." Alinyoosha mkono, ufunguo mpya ukining'inia. "Yaishe, eti? Sisi ni watu wamoja."

Watu walianza kujinyoosha, wengine wakavaa kofia. Kwao lilikuwa limekwisha. Mama Vioo aliutazama ufunguo, hakuupokea.

"Koki yetu imeandikwa jina la nani?" aliuliza.

Mwenyekiti alichukua daftari kutoka mapajani mwa katibu, akapekua. "Namba kumi na moja. Ya mume wako."

"Niliposhtakiwa mimi, ilikuwa ikatwe hiyo hiyo, si ndiyo?"

"Ndiyo, kwa kanuni..."

"Basi kama inakatwa kwa kosa langu, iwe yangu. Iandikwe jina langu. Ndipo nitakapopokea ufunguo."

Minong'ono ilizuka. Mwanamume mmoja alisema hilo ni jambo la nyumbani, likazungumzwe nyumbani. "Nyumbani nimezungumza juzi," alimjibu bila kumgeukia. Mwenyekiti alimtazama mume. Mume aliona macho ya watu. Kisha akatikisa kichwa juu chini, mara moja.

Mwenyekiti akaandika. Kalamu iligoma, akaitikisa, akaendelea. "Tayari, mama. Weka dole gumba hapa."

"Bado," alisema Mama Vioo. Alilichukua daftari, akaweka kidole pale pale ukurasa usipotee, akamwendea fundi, akampeleka nyuma ya miguu ya tangi mbali na masikio ya watu. "Nisomee hapa. Polepole." Fundi akasoma. Alisikia namba ya koki, na jina lake alilopewa na mama yake, ambalo tangu aolewe hakuna aliyelitamka pale. Akaitikia kwa kichwa, akamrudisha. Akamwita Mama Pilipili, akampeleka kule kule. "Soma." Akasoma, ni yale yale. Kisha akamwita mfyatua matofali, ambaye hakuwa na shamba, wala ndugu, wala deni kwa mtu yeyote pale.

"Mimi tena?" jitu likashangaa.

"Wewe. Hunijui, sikujui. Soma."

Alisoma kwa shida, kidole chenye udongo kikifuata mstari, lakini alifika mwisho, na mwisho wake ulikuwa ule ule.

Mumewe alikuwa amesogea mpaka karibu na tangi. "Mama watoto," alisema chini chini, "si ungeniita? Hata mimi ningekusomea."

"Wewe hapana," alisema.

Alikwenda kwenye kiti cha mwenyekiti, akachovya dole gumba kwenye wino, akalibana kwenye karatasi, akalishikilia hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akapokea ufunguo, akauliza ni saa ngapi, akaambiwa ni saa sita kasoro. Zamu ya koki namba kumi na moja ilikuwa inaanza. Akashuka shambani haraka, peke yake, kwenda kufungua maji.